Kijana Aliyempa Rahab Mgongo

Rahab Wachuka aliamini mambo mawili bila shaka yoyote: kwamba Yesu atarudi, na kwamba kuna sehemu za nchi hii ambako watu huzaliwa bila adabu. La kwanza alifundishwa misheni huko kwao Nyeri. La pili alijifundisha mwenyewe, kwa miaka kumi na minane aliyochuma pareto katika shamba la mzungu mmoja huko Kabazi, karibu na Subukia, ambako watu wa kila kabila walikuja kutafuta kibarua.

Kila mtu alikuwa amepimwa. Wa Kiambu, alisema, anakuchekea huku macho yake yako mfukoni mwako. Wa Kisumu anakusimamia karibu mpaka unajua amekula nini. Wazungu hata usiwataje, maana mzungu anaweza kukukuta asubuhi na neno lake la kwanza likawa jembe. Na watu wa Nyeri je? "Sisi tuna hasira, hiyo nakubali," alijibu. "Lakini tunasalimia."

Na kusalimia alisalimia, jamani! Alikupa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushika huo wa kulia kwenye kiwiko, akaulizia nyumba, akaulizia watoto, akaulizia hata yule mbuzi wako aliyekuwa akichechemea wiki iliyopita. Mwenye haraka alikiona cha moto. Mzee Ephantus, nyapara wa pareto, alikuwa akimpigia kelele kutoka upande wa pili wa shamba, "Rahab, ukimaliza kusalimia maua ya bwana mkubwa, tafadhali uyachume!"

Lakini usimcheke sana. Mtu aliyetoka kwao akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, akaolewa na kuletwa kwenye laini ya vibanda vya udongo visivyo vyake, juu ya ardhi isiyo yake, amebaki na nini? Alikuwa amezika watoto watatu kwenye ardhi hiyo ya watu. Rahab akisalimiwa vizuri alijiona bado ni mtu. Asiposalimiwa, siku nzima ilimharibikia, chakula kikamshinda, akalala akimgeuza geuza moyoni aliyempita kimya.

Mumewe, Hiram Ngigi, alikuwa seremala wa shamba, mtu wa maneno machache. Mtoto aliyebaki alikuwa mmoja tu, Wangui, msichana wa miaka kumi na minane, mrefu, mwepesi wa kucheka. Kila kitu Rahab alichokiombea Mungu kilimhusu Wangui: apate mtu mzuri, apate nyumba yake, asizike watoto kama mama yake.

Mwaka wa 1951 alikuja shambani kijana mmoja aliyeitwa Kipsang, Mkipsigis wa Kuresoi, kule juu ya Molo kwenye baridi na viazi. Aliajiriwa kukamua ng'ombe. Alikuwa mpole, alijua kusoma, Jumapili alikaa kanisani upande wa wanaume na Agano Jipya lake mkononi. Alimbebea Rahab vikapu vya pareto. Alimsalimia kwa mikono miwili. Alikula githeri nyumbani kwake mara nyingi sana, na Rahab akawa akimwita kijana wangu.

"Huyu si kama wenzake," aliwaambia wanawake. Hakuna aliyemuuliza wenzake gani, maana hata Rahab hakuwajua.

Basi asubuhi moja ya Agosti, mwaka wa 1952, Rahab alikuwa akishuka kwenda shambani, akamwona Kipsang akipanda na ndoo mbili za maziwa. Akaanza kutabasamu tangu mbali. Kijana alipomtambua aliziweka ndoo chini, akatoka njiani, akaingia kwenye majani yenye umande hadi magotini, akampa mgongo. Akavuta kofia ikamfunika uso. Akasimama hivyo.

"Kipsang?"

Kofia haikusogea.

"Kipsang, ni mimi. Mama Wangui."

Kijana aliinamisha kichwa zaidi, asigeuke. Rahab akabaki na mkono wake hewani. Mwishowe akaurudisha kwenye shuka lake, akapita kwenda shambani.

Hapa niseme jambo ambalo Rahab hakulijua, na ambalo angelijua kwa kuuliza swali moja tu. Wiki ile Kipsang alikuwa amepewa ruhusa ya siku tatu, akaenda kwao Kuresoi, akamwambia baba yake amepata mke, jina lake Wangui. Mzee alifikiri usiku mmoja, akakubali. Na tangu saa ile, kwa desturi ya watu wao, Rahab alikuwa mama mkwe. Mama mkwe hatazamwi usoni. Hashikwi mkono. Ukikutana naye njia ni yake, wewe unaingia majanini na kugeuka mpaka apite. Hakuna mwanamke ambaye Kipsang alikuwa amewahi kumheshimu hivyo maishani mwake. Majani yale yenye umande yalikuwa zawadi!

Hata kwa Wakikuyu, enzi za bibi zake Rahab, mkwe alikuwa na haya zake. Lakini Rahab alikuwa mtoto wa misheni, na misheni iliwafundisha wote kupeana mikono, mkwe na asiye mkwe.

Kulikuwa na Wakipsigis wengine watatu pale shambani, upande wa zizi. Angewauliza. Hakuwauliza. Aliwaambia wachumaji wa pareto.

"Nimemlisha huyo! Nimempa uji na mkono wangu huu! Leo ananigeuzia makalio kama ng'ombe wake. Hao watu wa Kuresoi, haki ya Mungu, adabu ikipita kwao haishuki hata kunywa maji."

Wanawake wakacheka, na maneno yakazunguka laini nzima. Kipsang aliyasikia. Hakusema kitu, maana angesema nini na kwa nani? Kwao kijana hajiposei mwenyewe, na mambo ya mama mkwe hayajadiliwi shambani. Aliendelea kutoka njiani kila alipokutana na Rahab, na kila alipotoka Rahab aliumia upya.

Wangui alijaribu. Siku moja wakimenya viazi alisema, macho yake chini, "Mama, Kipsang hakudharau. Anakuogopa."

"Aniogope kwani mimi ni chui?"

"Ameniambia kwao mtu kama wewe ni wa kuogopwa."

"Mtu kama mimi, mtu wa aina gani? Na wewe unaongea naye wapi?"

Wangui akainamia viazi vyake. Hata yeye hakuielewa vizuri ile desturi. Kipsang mwenyewe alikuwa ameona haya kumweleza. Hiram, aliyekuwa akinoa msumeno mlangoni, aliinua macho, akamtazama binti yake, akamtazama mke wake, kisha akaendelea kunoa. Maneno machache ni kitu kizuri, lakini siku ile Hiram alikuwa na deni la maneno kwa familia yake, na hakulilipa.

Ilipofika Januari 1953 nchi ilikuwa imeharibika. Hali ya hatari imetangazwa, askari wanapita mashambani, Mkikuyu hawezi kwenda hata Nakuru bila karatasi. Watu waliogopana. Asubuhi moja kabla jua halijatoka vizuri Rahab alifungua mlango, akaona wazee wawili wameketi kwenye majani nje ya ua wake. Wamejifunika mablanketi. Fimbo zimelala magotini. Hawakubisha hodi. Hawakusimama. Hawakusema hujambo. Walikuwa wamekaa tu, wakitazama mbele.

Wapelelezi? Wezi? Wangui alikuwa mtoni, Hiram ametoka.

"Mnataka nini?"

Mmoja alikohoa kidogo.

Ndiyo desturi yao. Wanaokuja kuposa hufika mapema, hukaa nje kimya, hungoja wenye nyumba wawakaribishe. Na hiyo siku ya kwanza hawasemi shida yao hata kidogo, maana kukimbilia kusema ni kumfanya binti wa watu bidhaa. Wazee wale walikuwa wamesafiri siku mbili. Yule aliyekohoa alikuwa baba yake Kipsang.

"Nawauliza mnataka nini! Kwetu mtu akija kwa mtu anabisha hodi! Hii ni nyumba, si zizi!" Hofu ilikuwa imeshageuka hasira, na hasira ya Rahab mnaijua. Aliingia ndani, akatoka na sufuria ya maji yaliyooshea vyombo, akayamwaga mbele yao. Yakawarukia miguuni, na makombo ya ugali juu yake.

Wazee walisimama polepole. Yule baba alijifuta mguu kwa ncha ya blanketi, akamtazama Rahab usoni mara moja, bila matusi, bila ukali, akageuka. Wakaondoka kama walivyokuja.

Wangui alirudi na debe la maji, akakutana nao njiani, na kwa mmoja akauona uso wa Kipsang. Alipofika nyumbani akaona majani yaliyolowa na sufuria mkononi mwa mama yake, akaliangusha debe.

"Umewafanya nini? Mama, umewafanya nini? Yule ni baba yake Kipsang! Walikuja kwa ajili yangu!"

Rahab aliitazama njia waliyoishika. Hapo ndipo angekimbia, awafuate njiani, awashike mikono hata kama hawaitaki, aseme nimekosa. Walikuwa hawajafika hata barabarani. Lakini kuna watu ambao wakigundua wamekosea ndipo hukaza shingo, na Rahab, Mungu amsamehe, alikuwa mmoja wao.

"Mzazi gani anakaa nje ya mlango wa watu kama mwizi? Mwana ananipa mgongo, baba hajui salamu. Afadhali nimejua mapema."

Wangui hakumwongelesha mama yake kwa wiki tatu. Kipsang aliacha kazi siku ile ile, akapata nyingine ya kukamua huko karibu na Kariandusi, upande wa Elmenteita.

Mwezi wa Aprili ikaja amri kwamba Wakikuyu wote wa shamba lile warudishwe kwao. Kwao wapi? Wangui alikuwa amezaliwa Kabazi. Walipewa saa mbili kufunga mizigo. Hiram alitengwa na wanaume wengine, akapelekwa kizuizini. Rahab na Wangui walipakiwa kwenye lori hadi Nakuru, wakawekwa kwenye uwanja uliozungushiwa seng'enge pamoja na mamia ya wanawake na watoto, wakingoja gari moshi.

Siku ya pili Wangui alisimama ghafla. Nje ya seng'enge, karibu na lango, hatua kama hamsini, alikuwepo Kipsang. Amevaa koti safi. Mkononi ana barua, na baadaye ilijulikana ilikuwa ya mzungu wake mpya, ikisema kwamba msichana Wangui ni mchumba wa mfanyakazi wake na aachiliwe akaolewe. Karani wa langoni alikuwa ameisoma na kusema sawa, msichana akija mwenyewe langoni na kukubali, atapita. Ilibaki Wangui atembee hatua hamsini.

Kipsang alimwita kwa jina. Lakini Rahab alikuwa ameketi pale pale, ameushika upindo wa nguo ya binti yake. Na kijana alipomwona Rahab, baada ya yote, baada ya yale maji, akafanya kile alichofundishwa tangu utotoni. Akageuka. Akawapa mgongo, akaiinua barua juu ya kichwa chake ili Wangui aione.

Rahab aliona mgongo tu.

"Hata leo!" alisema, na sauti ilimpasuka, kwa maana alikuwa amechoka, ana njaa, mumewe hajulikani aliko. "Hata leo tukiwa tumefungiwa kama mbuzi, amekuja kutupa mgongo!"

"Mama, ananiita. Ana karatasi. Niachie."

"Utakwenda kwa mtu asiyeweza hata kuniangalia? Nitakuachia vipi? Nitalala vipi huko Nyeri nikijua umeolewa na watu wanaomdharau mzazi wako?" Akaanza kulia. "Nimezika watatu hapa, Wangui. Ukienda, usiniite mama tena."

Haikuwa hasira tena. Ilikuwa hofu ya mwanamke anayeona kila kitu chake kinachukuliwa. Wangui alisimama muda mrefu, akiutazama ule mgongo na ile karatasi iliyoinuliwa. Kisha akaketi kando ya mama yake. Hakulia. Kipsang alisimama mpaka mkono ukamchoka, akaubadilisha, akasimama tena. Alasiri askari walimfukuza. Gari moshi liliondoka kesho yake.

Ya Nyeri ni mafupi. Waliwekwa kwenye kijiji cha nyumba zilizobanana, wakachimba handaki, wakala mara moja kwa siku. Mwaka wa 1954, mvua za Novemba, homa ya matumbo iliingia kijijini. Wangui aliugua siku kumi na moja. Rahab alimzika kwa mikono yake na ya jirani mmoja, maana wengine wote walikuwa kazini handakini. Hiram aliachiliwa mwaka wa 1957 akikohoa damu, akaishi miezi minne.

Mwaka wa 1959, njia zilipofunguka, Rahab alirudi Kabazi, kwa sababu huko ndiko alikokuwa anajua kazi, na makaburi yake matatu yalikuwa huko. Shamba lilikuwa na watu wageni. Jirani yake kwenye laini alikuwa mwanamke Mkipsigis, Chepkurui, mke wa mtu wa ng'ombe, mwenye kupenda kucheka. Walielewana upesi. Rahab alikuwa amepungua maneno, lakini bado alisalimia.

Jumamosi moja walikuwa wakipeta mahindi nje, na mume wa binti yake Chepkurui akaja kuleta maziwa. Alipoona mama mkwe wake yuko nje alikimbilia nyuma ya nyumba, akasimama huko ameelekea ukutani, kibuyu kifuani.

Rahab alicheka kidogo kwa uchungu. "Pole, mama. Naona na wewe umepata mkwe asiye na adabu."

Chepkurui aliacha kupeta. "Asiye na adabu? Huyo? Hakuna kijana mwenye heshima kama huyo! Siku atakayonitazama usoni nitamrudishia ng'ombe wake."

Ungo wa Rahab ukatulia magotini. "Hiyo ndiyo heshima?"

"Kwa mama mkwe, ndiyo. Kubwa kuliko zote."

"Na kama hajaoa bado?"

"Akishamwambia baba yake, basi. Ameshakuwa mkwe."

Rahab aliuliza swali la mwisho polepole, kama mtu anayejaribu jino linalouma. "Na wazazi wake wakija kuposa... wanabisha hodi?"

"Hodi ya nini? Wanakaa nje wanangoja. Unawakaribisha wewe." Chepkurui akamtazama, kicheko kikamwisha. "Mama Wangui? Una nini?"

Rahab alikuwa ameinama juu ya ungo, na mahindi yalikuwa yakimwagika. Alilia mpaka watu wa laini wakatoka nje. Miaka sita hakulia hivyo, hata kaburini. Maana kaburini alikuwa na Mungu wa kumlaumu, na serikali, na homa.

Wiki iliyofuata aliomba ruhusa, akapanda gari hadi Molo, akatembea kwenda Kuresoi akiuliza njia. Alikuwa na maneno yake tayari. Kwanza angeomba msamaha kwa mzee. Kisha angemwambia Kipsang kwamba Wangui alitaka kwenda, kwamba ni yeye, mama, aliyeushika upindo.

Mzee alikuwa amekufa miaka miwili nyuma. Kipsang alikuwa kwenye shamba la viazi, amenenepa kidogo, watoto wawili wakicheza kando ya magunia. Rahab alisimama kwenye ukingo wa shamba. Mungu anajua alichokuwa akikiombea dakika ile. Alikuwa akiomba amwone akigeuka.

Kipsang alimtazama kwa muda, akamtambua. Akaweka jembe chini, akaja moja kwa moja hadi alipokuwa, akamtazama usoni vizuri, akanyoosha mkono.

"Hujambo, mama. Habari ya siku nyingi?"

Rahab aliupokea. Yale maneno yote aliyoyabeba kutoka Kabazi yalimpotea.

"Nilisikia kuhusu Wangui," Kipsang alisema. "Nilisikia mwaka ule ule. Pole sana." Alisema kwa upole, kama unavyompa pole mtu yeyote aliyefiwa. Kisha akaulizia safari, akaulizia mvua za Subukia, akasema mke wake atamletea chai.

Mtoto mkubwa alikuwa amesogea, anamshika baba yake suruali. Akauliza mgeni ni nani.

"Ni mama mmoja," Kipsang akamwambia. "Tulifanya kazi shamba moja zamani. Msalimie."

Mtoto akanyoosha mkono wake.